Loki Nilizozitengeneza Mwenyewe, na Wewe Unayembeba Mke Wangu

Dukani, meza ya makufuli
Jumanne, saa nne asubuhi

Mheshimiwa Shemeji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa ndani ya gari lako ambalo milango yake yote minne hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja, sifa ambayo wiki hizi mbili nimeisikia nyumbani kwangu kuliko nilivyosikia salamu. Ningekupigia simu, lakini maneno ya simu ukikata yamekwisha. Karatasi inabaki.

Ninakulalamikia rasmi, mimi mume halali wa dada yako, kwamba kwa asubuhi kumi na moja za kazi umekuwa ukisimama mbele ya geti langu saa kumi na mbili na nusu na kumchukua mke wangu kumpeleka shuleni anakofundisha. Kazi hiyo ina mwenyewe. Nimeifanya miaka kumi na minne, na sijawahi kuomba likizo.

Kabla ya malalamiko, nikueleze ufundi wenyewe ulivyokwenda, maana najua uliyonayo ni ya kusimuliwa.

Gari langu lilikuwa na kasoro moja. Mlango wa nyuma kushoto, loki yake ya umeme ilikufa. Ukibonyeza kitufe cha dereva, milango mitatu inaitika, huo wa nne unanyamaza kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja glasi. Mtu mwingine angekimbilia gereji. Mimi nilianza maisha na trei moja ya misumari nikiwa nimekaa chini, leo nina duka lenye rafu ishirini na mbili, na kote huko sikushikwa mkono na fundi. Makufuli peke yake nimeuza zaidi ya elfu nne. Yaliyorudishwa ni matatu, na kati ya hayo mawili wateja walipoteza funguo. Kama katika ukoo huu kuna mtu anayeijua tabia ya kitu kinachofunga na kufungua, ni mimi.

Basi Jumamosi ile, kabla hujaanza kuja getini kwangu, nilichukua bisibisi nikaanza na mlango wa dereva. Najua utauliza mbona wa dereva, na mbovu ni wa nyuma. Dada yako aliuliza hivyo hivyo, nikamjibu kwamba huwezi kujua mgonjwa anaumwa nini kama hujamwona mzima alivyo ndani. Nilitoa skrubu tatu na vibana vya plastiki tisa. Vibana saba vilivunjika, sawa na asilimia sabini na nane, jambo linalokuonyesha plastiki wanayotumia siku hizi. Nikaiona mota ndogo, nikaiona fimbo inayovuta loki, nikaziona waya mbili. Nikazichomoa. Nikaelewa. Nikazirudisha. Saa kumi na tatu kwa siku mbili, na skrubu moja ikabaki, ambayo nadhani ilikuwa ya akiba.

Matokeo ni haya: nikifunga mlango wangu, mingine inafunguka. Nikifungua wangu, mingine inajifunga. Ule wa nyuma kushoto bado haufunguki, ila sasa hakuna anayeuzungumzia, na hayo nayahesabu kuwa mafanikio ya kwanza.

Malalamiko yangu ni kama yafuatayo.

1. Jumatatu iliyofuata, kabla hata sijanawa mikono vizuri, uliandika kwenye kundi la familia: "Jamani, gari la shemeji ukilifunga linafunguka, ukilifungua linafunga. Halihitaji fundi tena, linahitaji maombi." Watu kumi na wanne walicheka. Mmoja wao ni mama mkwe, ambaye kwa miaka mitatu amesema hajui kutumia simu ile, lakini siku hiyo kitufe cha kicheko alikiona bila miwani.

2. Umekuwa ukisimulia tukio la getini shuleni bila hesabu zake. Utaratibu wa kumshusha abiria katika gari langu ni rahisi: mimi najifungia, yeye anavuta kitasa, anashuka. Sekunde nne. Jumatatu hiyo dada yako alivuta kabla sijabonyeza. Nikabonyeza, akawa ameachia. Nikabonyeza tena, yaani nikamfungia, naye ndipo akavuta. Tulikwenda hivyo mara tisa, loki zikigonga kama mtu anayekatakata vitunguu. Mwishowe akaniambia nishuke, na yeye akatokea upande wangu: mkoba kwanza, kiatu kimoja, kisha yeye mwenyewe, juu ya gia, na ile sketi yake ya kubana. Ilikuwa saa ya wanafunzi kujipanga mistari. Wanafunzi mia sita walipiga makofi. Wewe unaiita aibu. Mimi sijawahi kupigiwa makofi na watu mia sita kwa jambo lolote, na sidhani kama wewe umewahi.

Ni kweli jioni aliniambia, "Baba watoto, mimi nina miaka arobaini na sita. Kwa mlango wa dereva sitoki tena." Nilimjibu kwamba ukipenda boga upende na ua lake. Akaniuliza ua ni lipi hapo.

3. Umenitumia yule fundi wako mnayemwita Daktari. Usikane. Alipita dukani akijifanya anatafuta bolti, hakununua hata moja, akaenda kuchungulia gari langu dirishani na kijiti mdomoni. Kisha akaniambia mbele ya wateja wawili, "Mkubwa, hapa umepishanisha waya mbili tu. Nipe dakika kumi." Dakika kumi, shemeji. Mimi nimeweka saa kumi na tatu mle ndani. Mtu anayedai kutengua kazi ya saa kumi na tatu kwa dakika kumi anaidharau kazi, au anaidharau saa. Mteja mmoja, aliyekuwa ameshachagua kufuli, alilirudisha kwenye rafu taratibu, akasema atapita kesho. Hajapita.

4. Hili ndilo ninalotaka ulisome ukiwa umekaa. Kutoka kwangu hadi shuleni ni dakika ishirini na tano. Nyumbani kuna watoto watatu, redio, na bibi yao anayeuliza kila sentensi imesemaje. Kila jambo la maana katika ndoa yangu limeamuliwa ndani ya dakika hizo. Kiwanja tulikikubali tukiwa kwenye foleni. Jina la mtoto wa mwisho lilipatikana kwenye mzunguko, gari la nyuma likitupigia honi. Kwa siku kumi na moja umenichukulia dakika mia mbili na sabini na tano, yaani saa nne na dakika thelathini na tano za mazungumzo, na umeyapata wewe, ambaye hata huyahitaji.

Ushahidi ninao. Ijumaa ulinipigia kunipongeza. Nikauliza kwa lipi. Ukasema, "Hujaambiwa? Dada amekuwa mwalimu mkuu." Nikajibu kwamba najua, nilikuwa nakupima. Sikuwa najua. Aliambiwa Alhamisi mchana, akakusimulia kesho yake asubuhi ndani ya gari lako, jioni yangu ikaliwa na redio na bibi. Miaka kumi na minne nimempeleka pale akiwa mwalimu wa kawaida, na siku alipoingia akiwa mkuu, aliyemshusha ni wewe.

5. Kwa hiyo nimelitafakari tatizo hadi kwenye mzizi wake, nikagundua kwamba gari langu halina ubaya. Ubaya ni kulinganisha. Dada yako analiona bovu kwa sababu analiona lako zima. Naomba basi uniletee gari lako Jumamosi, nami niligeuze liwe kama langu. Kwa uzoefu nilionao sasa, mlango mmoja ni saa tano. Kwa haki ya wote, nitayageuza magari yote sita ya ukoo: milango ishirini na nne, saa mia na ishirini, siku kumi na mbili kwa saa kumi kwa siku. Baada ya hapo mtoto yeyote atakayezaliwa katika familia hii atajua kwamba kufunga ni kufungua, na atawashangaa wengine. Mwalimu mkuu mpya akiridhia, niko tayari kuendelea na milango ya madarasa. Wanaochelewa watajikuta ndani, wanaowahi wakabaki nje, na utoro utakwisha kwa kuchanganyikiwa.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi. Hadi hapo, nakutaka usionekane getini kwangu saa kumi na mbili na nusu, wala dakika tano kabla au baada.

Wasalimie wote hapo: mkeo, watoto, mama mkwe na kidole chake, na Daktari ukimwona. Waambie mimi mzima, na mikono yangu bado yote miwili ni ya kwangu.

Wako katika ukoo, nisiyehitaji fundi,

Shemeji yako wa makufuli

Tanbihi: Gari liko kwa Daktari tangu jana jioni. Nililipeleka mwenyewe. Waya amezigeuza kwa dakika nane, nilikuwa nimeshika saa. Ila ule mlango wa nyuma kushoto amesema mota imekufa kweli, na nyingine itafika baada ya siku tatu; hadi hapo gari linabaki kwake. Kwa hiyo kesho njoo kama kawaida, utatukuta tumesimama wawili. Mimi nitakaa nyuma, na nakuomba umwache naye akae nyuma. Wewe washa redio yako, na usiendeshe haraka.