Malalamiko Kuhusu Mfumo Endeshi Alioleta Binti Yako Sebuleni

Kwa Baba Mkwe, mzee wangu ninayekuheshimu,

Shikamoo. Huku kwetu wote hawajambo, isipokuwa mimi.

Nakuandikia kwa adabu zote, nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu, kumlalamikia rasmi binti yako, ambaye ni mke wangu na fundi mwenzangu. Kama ujuavyo, sebule yetu sasa ni karakana ya mashine za kutotolesha vifaranga. Ndani ya kila mashine mna kompyuta ndogo, haizidi ukucha wa dole gumba, inayowasha hita na kugeuza mayai. Jumamosi mashine ya kwanza inakwenda kwa mama mfugaji, ambaye ameshatuletea mayai yake tuyaanzishe hapa. Ugomvi ni mmoja tu: iondoke na programu yangu au ya mke wangu? Nakuomba uje kabla ya siku hiyo umwamuru akubali yangu. Sababu ni hizi:

1. Programu yangu haina mfumo endeshi wowote, yaani msimamizi wa kugawa kazi ndani ya kompyuta. Ni mzunguko mmoja: inasoma joto, inarekebisha hita, inageuza mayai, inarudi mwanzo. Kila kazi inangoja zamu yake kama mtoto aliyelelewa vizuri. Yeye kaleta mfumo mzima ambao kila kazi ina daraja, na ya daraja la juu ikitokea, inaikatiza ya chini papo hapo. Kumkatiza mwenzio yuko kazini! Hayo ndiyo malezi, Baba?

2. Zana. Mimi nikitafuta kosa nawasha kitaa chekundu. Kikimeta, programu imefika katikati. Kisipometa, nakunywa maji kwanza. Yeye ana kidude kinachochungulia ndani ya chipu, yaani ile kompyuta ndogo, anaisimamisha programu popote apendapo na kusoma kila kilichomo. Mtu wa namna hiyo, mumewe atamficha nini?

3. Mfumo umetoka kwenye chipu, umeingia jikoni. Mtoto akilia, daraja la kwanza. Maharage yakifurika, la pili. Mteja akipiga simu, la tatu. Mimi nikianza kusimulia ndoto yangu, la mwisho kabisa, chini ya kufagia. Juzi nilikatizwa mara nne, na ndoto yenyewe ilikuwa fupi.

4. Siku aliyotoka niliiendesha nyumba kwa mzunguko wangu, na mambo yalikwenda vizuri sana. Nilisimama kwenye uji mpaka ukachemka, ndipo nikaenda kwa mtoto. Kwamba mtoto alikuwa ameshapanda juu ya meza ni suala la zamu tu.

5. Hili linaniuma kwelikweli. Ndani ya programu yake ameweka mlinzi. Kazi yoyote ikikaa kimya kupita kiasi, mlinzi anazima hita na kuanzisha kila kitu upya. Sasa hata mimi nikinyamaza kwenye kiti, naulizwa kama nimekwama. Nilikuwa nafikiri, Baba! Mtu wa umri wangu ana haki ya kukwama kidogo katika nyumba yake.

Akikataa amri yako, naomba kikao cha familia zote mbili. Kikishindikana, nipewe kile chumba cha uani kwako, nihamie na mzunguko wangu.

Nisalimie Mama, mashemeji wote, shangazi, na yeyote atakayeniulizia kwa wema.

Ni mimi mkweo mtiifu, ambaye sijakosea lolote,

Mume wa binti yako

Nyongeza, bahasha ikiwa bado wazi: Ili nikupe ushahidi, leo niliweka programu yangu kwenye mashine yenye mayai bila kumwambia. Waya wa kipimajoto ukachomoka. Mzunguko wangu ukakaa ukingoja kipimajoto kijibu, hita inawaka tu. Mimi nilikuwa hapa nakuandikia namba ya tano. Yeye ndiye aliyesikia harufu ya plastiki, akakimbia, akachomoa umeme, akafungua mfuniko. Mayai ya watu yamepona. Wala hakunigombeza, aliniuliza tu kama nimeungua. Nimeona aibu, Baba.

Basi usije kumwamuru. Mashine itaondoka na programu yake, mlinzi wake na kila kitu, na mimi ndiye nitakayeibeba. Ila ukipata nafasi njoo unieleze umeishije na Mama miaka yote hii, maana nimemuuliza binti yako mambo haya ya madaraja alisomea chuo gani, akaniambia aliyakuta nyumbani kwenu.