Marathoni Iliyokatwa Pindo

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kapiga simu. Mara ya kwanza tangu yeye na mama yake wahamie ng'ambo ya mji. Kaniuliza hali, nikasema nzuri. Nikamuuliza chuo, akasema kizuri. Kisha akasema haya baba, kwa ile sauti ya mtu ambaye kidole kishafika kwenye kitufe. Nikaona simu inakatika. Nikamwambia nakimbia marathoni.

Sijui ilitoka wapi. Nadhani ni lile tangazo lililobandikwa mlangoni kwa kinyozi. Binti akacheka, akauliza yote? Nikasema yote, kwani mimi mtu wa nusu nusu? Akasema basi atakuja kunitazama. Tukaongea kidogo tena, mpaka salio lake likaisha. Mbio ni Jumapili ya wiki ijayo.

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, naye anakimbia. Kanipa karatasi ya mpango wake wa mazoezi. Wiki kumi na sita! Kanishauri kwamba kwa muda uliobaki nikimbie kidogo, nitembee kidogo, nisiwaze kumaliza, na tutoke pamoja asubuhi. Nimemshukuru, nimemkatalia. Mtu wa kunyoa vichwa ataniambia nini kuhusu vipimo? Mimi fundi cherehani. Nimewahi kumpunguzia mtu suti ya marehemu baba yake mpaka ikamkaa kama kazaliwa nayo.

Nimeitandaza karatasi mezani, nikashika chaki. Fundi huanza na pindo, kwa sababu pindo halionekani. Katika mpango huu pindo ni siku za mapumziko. Nimezikata zote. Kisha kila wiki nimeikunja ikawa siku moja, na zilizozidi nimezitupa. Umekaa vizuri sana.

Ijumaa, 7 Machi

Niko wiki ya tatu. Leo miguu imegoma kukanyaga pedali, nimezungusha gurudumu la cherehani kwa mkono kutwa nzima. Mama mmoja aliyefuata sare za kwaya kaniuliza naumwa nini. Nikamjibu niko wiki ya tatu. Kanipa pole na kuondoka haraka.

Kila asubuhi kinyozi hupiga hodi. Fundi, twende. Mimi nipo kitandani na raba miguuni, nimebana pumzi, nasubiri aondoke. Sitaki aone ninavyohema. Akishapotea natoka peke yangu. Nafika chini ya kilima cha tangi la maji, nainama kufunga kamba za viatu, narudi nyumbani. Ndiyo njia niliyokuwa nikimpeleka binti shule. Alikuwa anaongea njia nzima, mpaka nilikuwa namwambia apumzike kidogo. Siku hizi nasikia raba zangu tu.

Jumanne, 11 Machi

Nimegundua tatizo si miguu. Tatizo ni kuonekana. Watu watakuwa wengi, atanijuaje? Nimeshona fulana kwa masalio ya pazia la manjano. Nzito kidogo, lakini hata rubani ataniona. Bukta nimeitoa kwenye bitana ya koti. Lastiki zimeniishia, nimetia kamba nyekundu ya hariri.

Nimejipima mbele ya kioo cha duka. Mbele imekaa. Nyuma sijui, hakuna wa kumuuliza.

Jumamosi, 15 Machi

Karatasi inasema leo ni kupumzika. Mapumziko nilishayakata, kwa hiyo nimekimbia. Goti la kulia limevimba, raba ya kushoto imepasuka. Jioni nimefagia duka na kupangusa kiti cha wateja. Huenda kesho akapita hapa akakaa. Nimeondoa pini zote kwenye mto wa kiti, nikakaa kuhakikisha. Ilikuwa imebaki moja.

Jumapili, 16 Machi

Simu nimeiacha dukani, isinipige paja. Mstarini kinyozi kasimama karibu yangu, kasema tutembee wote goti likizidi. Nikamwambia atangulie, nisimcheleweshe. Kaniangalia sana, katangulia.

Chini ya kilima cha tangi nikainama kufunga kamba. Nilipoinuka, kundi lote lilikuwa limenipita. Pembeni pana kichochoro kinachotokea nyuma ya uwanja wa kumalizia. Nakijua toka zamani. Sikukata tamaa, nilikata kona tu.

Uwanjani nikajibanza nyuma ya gari la maji, nisubiri watu wanaofanana na mimi kwa kuchoka. Nilisubiri sana, mpaka jasho likakauka, ikabidi nijimwagie maji. Hapo ndipo nikaona kila anayeingia ana utepe mwekundu mkononi. Wamefungwa kilimani, kuonyesha wamefika. Mimi sina.

Lakini fundi hakosi kitambaa. Nikachomoa kamba nyekundu ya bukta, nikaikata kwa meno, nikaifunga mkononi. Ukiangalia kwa mbali, ule ule. Nikajichomeka katikati ya wazee wawili. Hatua chache tu, bukta ikaanza safari yake. Nikavuka mstari mkono mmoja juu kama mshindi, mwingine umeishika bukta. Umati ukalipuka kwa vicheko. Sikujali. Nilikuwa namtafuta mtu mmoja.

Hakuwepo. Kinyozi aliingia baadaye, mkewe na watoto wakamrukia. Akaja kuniuliza nimempita wapi. Nikasema njiani. Nikabaki nimesimama mpaka wakaanza kung'oa vizuizi. Nikajiambia kasahau, ana mambo yake. Niliumia kuliko goti.

Jioni binti kaja dukani. Mkononi ana chupa ya maji na jozi ya ndala za saizi yangu. Kumbe alisimama juu ya kilima cha tangi toka asubuhi. Kasema alijua sitavuka pale, zamani nilikuwa nasimama pale pale chini kufunga kamba za viatu. Na siku hizo, baba, ulikuwa unavaa viatu visivyo na kamba. Alipanga akiniona chini ashuke, tupande wote taratibu. Aliponiona nimeinama akashuka, nikawa sipo. Akarudi juu, akangoja mpaka gari linalomfuata mkimbiaji wa mwisho likapita.

Akautazama utepe wangu. Alikuwa kasimama karibu na waliokuwa wanafunga tepe. Alichukua sindano, akaniomba bukta, akarudisha kamba mahali pake, na mimi nimejifunga pazia. Akakaa kwenye kiti mpaka giza likaanza kuingia.

Jumanne, 18 Machi

Binti kapiga simu. Kasema Jumamosi yuko huru, aje tutembee mpaka kilimani, polepole, na kila Jumamosi baada ya hapo. Moyo uliniruka. Nikamwambia asijisumbue kwanza, ngoja niwe fiti, sitaki anione hivi. Akasema haya baba, kwa ile sauti.

Nikamwambia nimejiandikisha mbio za baiskeli mwezi ujao.

Akashusha pumzi, akauliza asimame wapi na ndala. Nikasema mwisho, wapi kwingine. Kesho namuuliza kinyozi nani ana baiskeli ya kuazima. Kuendesha sijui, ila bado wiki tatu. Wiki tatu ni kitambaa kingi.