Uzinduzi wa Jengo Linalocheza Taa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa mlioketi viti vya mbele, waheshimiwa watarajiwa mlioketi nyuma yao mkivitamani, wake zenu, waume zenu, wapangaji wa ghorofa hili tukufu, na wewe mama mkwe wangu uliyesema sitafika popote: hamjambo! (Hatujambo!) Hamjambo tena! (Makofi. Mama mkwe hapigi.)

Mimi, Mkurugenzi wa Taa za Mapambo, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana hadi ng'ambo, nazindua mradi wa kimkakati, shirikishi, endelevu na wa kidijitali, ambamo kila dirisha mnaloliona nyuma yangu litawaka na kuzimika kwa amri ya kompyuta, likichora mawimbi, maua na, bajeti ikiruhusu, sura ya Mgeni Rasmi. (Vigelegele.) Utafiti tulioufanya wenyewe, tukajihoji wenyewe, unaonyesha furaha ya wananchi itapanda kwa asilimia mia moja na nne. Wenye wivu wanasema taa hakuna. Naye Mgeni Rasmi amenong'ona sikioni mwangu, kwa upendo, kwamba zisipowaka leo, kesho nisikanyage ofisini. Haya, mdharau mwiba! Nabonyeza kitufe!

(Filimbi inalia ngazini. Madirisha yanawaka safu kwa safu. Umati: "Lo!")

Mnaona wimbi hilo? Jamani, hata mimi nasisimka! Lile moja lililobaki giza, la mama mshonaji, yaani la kitengo cha ushonaji wa mwanga, bado linapakia data. Mama, swichi! (Linawaka. Kicheko.)

(Trafiki barabarani anapiga filimbi kusimamisha pikipiki. Jengo zima linazimika.)

Msishtuke, huo ni ukimya wa kisanaa! (Sauti kutoka dirishani: "Mkurugenzi, hiyo filimbi ya shemeji yako au ya trafiki? Mimi nina chungu jikoni!") Mnasikia? Programu yetu inaongea, tena Kiswahili fasaha! (Filimbi ngazini. Jengo linawaka. Mgeni Rasmi anasimama na kupiga makofi mpaka kofia inamdondoka.)

Ndugu wananchi, nimepandishwa cheo hapa hapa! Na Mgeni Rasmi ameagiza wiki ijayo mji mzima ucheze hivi. (Msafara wake unaondoka. Trafiki anapiga filimbi. Jengo linazimika.) Ameshakata kona? Ameshakata kabisa? Basi sogeeni.

Taa juu! (Juu!) Swichi mkononi! (Mkononi!) Giza? (Likome!)

Nawashukuru sana wapangaji mliokaa kando ya swichi tangu mchana mkimsikiliza shemeji yangu, maana kompyuta haijaagizwa, nyaya hazijavutwa, na kitufe hiki nimekiazima kwenye kengele ya mlango wa mama mkwe. (Mama mkwe: "Kumbe ni wewe! Nimegongewa mlango siku nzima!") Nisamehe, mama, nitakirudisha. Na ninyi wengine wa mji mzima, nendeni salama, kila mmoja akakae karibu na swichi yake. Shemeji, tafuta filimbi kubwa.