Hotuba Yako Imehamia Sebuleni Kwangu

Kwako Mheshimiwa Mstaafu,

Pokea heshima nyingi kutoka kwa mshonaji wa mtaa wa nyuma ya soko. Mimi mwenyewe ni mzima, ila nyumba yangu inaumwa, na aliyeiambukiza ni wewe.

Ulipokuja kutufungulia maktaba, ulihutubia kuhusu tabia, uongozi na wajibu wa raia. Sisi wengine tulipiga makofi tukarudi kupika. Mume wangu, fundi bomba, alibaki ameduwaa. Njiani akaniambia, "Mama watoto, kuanzia leo mimi ni mtu mwingine." Nikadhani ni jua. Kumbe! Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Tabia. Ulisema mtu mwenye tabia njema husema kweli popote alipo. Basi mume wangu akaingia kibandani kwangu, akamkuta bibi harusi analia gauni linambana. Nilikuwa nimeshamtuliza kwamba kitambaa kimenywea kidogo. Mume wangu akasema, "Dada, kitambaa hakijanywea. Wewe ndiye umeongezeka." Bibi harusi alitoka mbio mkono mmoja ukiwa ndani ya gauni na mwingine nje. Mama yake akipita hapa, ananikata jicho hadi sindano inaniponyoka.

2. Uongozi. Ulisema kiongozi bora huwaweka karibu wanaothubutu kumpinga. Mdogo wa mume wangu, ambaye tangu ahamie kwetu hajaosha hata kijiko, ameteuliwa kuwa kambi ya upinzani. Nikipakua chakula anasimama: "Napinga!" Namuuliza, "Unapinga nini, shemeji?" Anajibu, "Bado natafakari," huku anatafuna. Mama mkwe kapewa mambo ya ndani, naye kaelewa kwamba ni mambo ya ndani ya kabati langu. Mume mwenyewe, kwa kuwa kiongozi ni mtumishi, haagizi tena chai. Anaomba ridhaa ya wananchi. Tukimaliza kujadiliana, chai imeshapoa, na upinzani umeshainywa.

3. Wajibu wa raia. Hapa ndipo uliponimaliza. Ulisema raia asikae akisubiri serikali. Taa za njia panda zilipoharibika, mume wangu alibeba kitambaa chekundu cha mteja wangu akaenda kuongoza magari. Askari wa barabarani alimshukuru sana, akaenda kupumzika. Hajarudi mpaka leo. Mabomba ya watu yanavuja, na fundi wao yuko katikati ya barabara anawahubiria madereva uvumilivu. Juzi alilisimamisha gari la zimamoto, akalieleza kwamba mwenye papara hafai kuongoza. Moto ulizimwa na majirani kwa ndoo, naye akawapongeza kwa kutosubiri serikali.

Mheshimiwa, mimi niliolewa na mtu mwongo kidogo, mkaidi kidogo, anayerudi nyumbani jioni na kuniuliza nimeshindaje. Nilimpenda huyo. Huyu wa sasa ni mwema mno. Hata pa kumgombeza sipaoni, na anaponitazama naona anatazama taifa.

Kwa hiyo naomba uje uifute hotuba yako, hapa hapa sebuleni, mbele ya familia nzima. Ukikosa nafasi, basi tutolee nyingine isiyo na maana yoyote, kama wanavyofanya wenzako, ili naye apoe.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, dereva wako, na yule kijana wa watu aliyekushikia mwavuli mkono ukamfa ganzi. Wote huku wanakusalimu, isipokuwa upinzani, ambao umekataa.

Mimi mwananchi wako niliyechoshwa na wema,

Mshonaji

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mume wangu ameitisha uchaguzi wa mkuu wa nyumba, kwa sababu eti ulisema kiongozi asing'ang'anie kiti. Nimeshinda mimi. Tafadhali yapuuze yote niliyoandika hapo juu. Hotuba ilikuwa safi kabisa, isipokuwa hapo penye kiti. Je, kwa mama ambaye mipango yake ya maendeleo ndiyo kwanza inaanza, huwezi kupalegeza kidogo?