Ripoti Yangu Juu ya Wapiga Chapa Wawili

Mtu akikaa kimya mbele ya taipureta, anafanya kazi au anapumzika? Mwaka ule nilipotoka chuo kikuu sikuwa na jibu. Ningenyamaza ningepona. Sikunyamaza. Niliumbuka, tena saa nne, wakati wa chai, ofisi nzima imeshika vikombe!

Nilikuwa nimepangiwa kazi katika ofisi moja ya kutoa mizigo, karibu na Bandari ya Mtwara. Wapiga chapa walikuwa wawili, kila mmoja na chumba chake: Bi. Somoe, mama wa makamo anayeishi Chuno, na Bwana Nampoto. Amri ilikuja kwamba mmoja ahamishiwe Songea. Bi. Somoe alikuwa na mama yake aliyepooza, na hakuna mwingine wa kumgeuza kitandani.

"Anayechapa zaidi atabaki," alisema meneja, akijiandaa kwa safari ya Dar es Salaam.

"Ni yupi huyo?"

"Si wewe msomi? Pima!"

Nikapima. Mtu akijua anapimwa hujitia bidii, kwa hiyo sikumwambia yeyote. Nilijifungia stoo, katikati ya vyumba vyao viwili, na saa ya mkononi na daftari. Dakika yenye mlio, alama. Dakika ya kimya, sifuri. Siku tatu nzima kati ya magunia matupu, napigia chafya ndani ya leso.

Upande wa Bi. Somoe: ta-ta-ta, kisha kimya. Kimya. Kimya! Anafanya nini huyu mama? Amelala?

Upande wa Nampoto: ko, ko, ko, ko, kutwa nzima. Mlio wake ulikuwa mzito kidogo. Nikajiambia mashine yake ni ya zamani. (Mimi, niliyezoea kuhoji kila kitu, hilo sikulihoji.)

Siku ya nne nikaandika ripoti kwa mkono, dakika zote nimeziorodhesha na kuzijumlisha. Ilibidi ipigwe chapa. Nikabisha kwa Nampoto, mlango umefungwa kwa ndani, ko-ko-ko inaendelea. Mtu wa kazi kweli! Sikutaka kumkatiza. Nikampelekea Bi. Somoe.

Ndiyo. Ripoti inayosema yeye ni mvivu nilimpa aichape mwenyewe.

Akaisoma. Akairudia. Akachukua penseli, akakaa kimya nusu saa. (Nilitazama saa. Nisameheni.)

"Mwanangu, niichape kama ilivyo?"

"Kama ilivyo, Bi. Somoe."

"Na hapa pa Nampoto?"

"Hapo hasa."

"Haya."

Akaichapa kwa dakika kumi, bila kosa hata moja.

Meneja alirudi asubuhi iliyofuata. Wakati wa chai akaifungua mbele ya watu, akasoma kwa sauti: "Wiki hii Bwana Nampoto amechapa karibu bila kupumzika. Ni mfano wa kuigwa." Akainua macho. "Nampoto yupi?"

"Nampoto wetu," nikasema.

"Nampoto wetu yuko Newala tangu Ijumaa iliyopita! Kampeleka mwanawe jandoni. Likizo nimemsainia mimi, nikiwa mlangoni naondoka."

Papo hapo, kutoka nyuma ya ukuta: ko, ko, ko.

Tukaenda wote, vikombe mikononi. Meneja akagonga chumba cha Nampoto, mlango ukafunguliwa. Mama Hadija, mpishi wetu wa chai, alikuwa amerudi kuketi sakafuni, jiwe mbele yake, kijiti mkononi, vidole vyeusi kwa masizi. Alikuwa anabangua korosho tunazokula kila siku na chai.

"Uani upepo unanipeperushia maganda," akajitetea, "na mlango nikiuacha wazi, madereva wananimalizia."

"Mama Hadija, hongera!" karani mmoja akapaza sauti. "Wewe ndiye mpiga chapa bora!"

"Apewe na mshahara wa Nampoto!"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Nilitamani stoo yangu.

Bi. Somoe peke yake hakucheka. Nikamwuliza, maana hata katika aibu udadisi haukuniacha: "Sasa kile kimya chako, unafanyaga nini?"

"Nasoma mwandiko wa meneja, mwanangu. Nusu ya maneno kayakata, nusu kayasahau. Naipanga barua yote kichwani kwanza. Nikikosea mstari mmoja, karatasi tano na kaboni zake zinaenda jalalani. Kuchapa ni vidole tu."

Nikamwuliza kichwa kinapimwa kwa saa gani. Akasema nimalize chai yangu.

Meneja alikataa kumhamisha mtu yeyote kwa karatasi ile, akaitia kwenye faili pamoja na mwandiko wangu. Bi. Somoe alibaki Mtwara.

Miaka mingi baadaye nililifungua faili lile, nikalinganisha mwandiko wangu na nakala yake. Ile nusu saa ya penseli alikuwa anajumlisha upya dakika zangu. Nilikuwa nimekosea hesabu, nikampa dakika ishirini na mbili za kuchapa ambazo hakuchapa. Alizitoa.