Siri ya Dawati la Koplo Stella

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Afande Isabela, mkuu wetu wa kituo, katangaza: mafunzo ya dawati la jinsia, Dodoma, nafasi moja. Atakayehudumia wananchi wengi hadi Ijumaa ndiye anayekwenda. Tunashindana wawili: mimi, Koplo Vitalis, hapa kaunta, na Koplo Stella kwenye kichumba chake cha dawati. Dodoma yangu!

Hadi jioni: Stella tisa. Mimi mmoja, tena alikuwa anaulizia basi la Newala.

Jumanne, 7 Oktoba

Kaja Bi Adija wa Chiwata, jicho limevimba. Nikamuuliza kwa sauti ya kazi, wauza korosho wote barazani wasikie, mumewe kampiga kwa kosa gani. Akasema alikuja kuuliza saa tu. Nikamwambia saa nne na robo. Akaenda kwa Stella, akakaa humo mpaka saa sita. Kufuata nini? Stella hata saa ya mkononi hana!

Jumatano, 8 Oktoba

Mtaka cha mvunguni huinama. Nimeinama, sikio kwenye tundu la ufunguo. Kunong'ona tu! Mara mlango ukafunguliwa, nikaingia kichwakichwa. Nikasema natafuta kalamu. Ilikuwa sikioni.

Lakini humo wanasema nini? Hata ugali haupiti. Nimemwomba mke wangu, Mama Huruma, aende akajifanye ana malalamiko, anipelelezee. Akasema kujifanya hakuna haja. Kakubali upesi mno, lakini sawa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kaingia saa tatu, katoka saa tano, macho mekundu. Mwigizaji huyu! Nikamuuliza siri ni nini. Akasema, Baba Huruma, unaitwa ndani.

Jalada lina jina langu! Eti nimemfungia cherehani stoo tangu Juni, asiende kushona sokoni Masasi. Nikaeleza ni kwa usalama. Stella akasema kwa upole kwamba huo nao ni ukatili, akaomba ufunguo. Nikatoa. Aibu ilinishika, sikatai. Ila nikaona dirishani: pazia! La maua!

Ijumaa, 10 Oktoba

Stella anakwenda Dodoma. Kwenye hesabu yake yumo mke wangu. Nimo na mimi.

Si kitu. Siri ninayo: watu wanafuata pazia. Nimemwomba Mama Huruma anishonee la kaunta. Kasema nisubiri zamu, wateja kwanza. Nasubiri. Likikwisha tu, cherehani inarudi stoo. Kwa usalama. Ufunguo wa pili ninao.