Mabati Mapya ya Mama Mabel

Anselmo alipoiona nyumba ya Mama Mabel pale Newala, vyumba vinane vya kupangisha na paa jekundu kwa kutu, moyo ulicheka kabla ya mdomo. Tumhurumie kidogo. Tangu biashara iwe ruksa kwa kila mtu, wenzake wa Masasi walishatajirika kwa mitumba na korosho, naye alikuwa bado na ulimi wake na baiskeli tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kama ni chumba, viko viwili. Vinavuja."

"Ndilo lililonileta. Siku hizi mabati ya nje yanamiminika. Nayaezua haya chakavu, nayabadilisha Masasi, nakuletea mapya. Utalipa nusu ya bei ya dukani."

"Nusu?" Mjane huyu alikuwa bahili mashuhuri, hata msumari uliopinda aliunyoosha kwa jiwe akauweka. "Na lori?"

"Juu yangu."

"Haya. Ila huku juu hatuna mito, maji yetu ni ya paa. Fundi wa bati tunamlipa mvua ya kwanza ikishaingia kisimani, na ndani kuwe kukavu."

Anselmo akatazama mawingu ya Novemba, akakubali.

Sasa, ndugu msomaji, mabati ya nje hayakuwapo. Anselmo aliuza baiskeli, mali yake pekee duniani, akalipia lori, lami na rangi ya fedha. Uani kwake Masasi aliyakwangua kutu mabati yale yale ya zamani mpaka vidole vikachubuka. Kila tundu la msumari aliliziba kwa lami, maana mvua haihongeki. Ukingoni mwa kila bati alikuta vijitundu vingi, kutu imevifunika nusu. Akamlaani fundi wa zamani kwa kupigilia ovyo, akaviziba vyote, akapaka rangi juu na chini. Wiki mbili nzima! Maishani mwake hakuwahi kufanya kazi ya halali kwa bidii kama aliyoifanya kwa utapeli huu.

Mvua ilinyesha siku tatu baada ya kuezeka. Wapangaji walikaa vyumbani shingo juu, wakingoja tone. Halikudondoka hata moja. Kisima kikanguruma kwa maji, na Anselmo nusura alie kwa furaha: baiskeli mpya ile!

"Mama Mabel, paa limefaulu. Nipe changu niondoke."

Mama Mabel akapanda juu ya kinu, akapapasa ukingo wa bati barazani.

"Njoo uguse hapa. Unasoma nini?"

Anselmo akagusa vijinundu vya lami chini ya rangi. Matundu ya ovyo hayakuwa, kutu haikuwa. Zilikuwa herufi. R. Kisha E. Kisha G.

"Reginald," alisema Mama Mabel. "Marehemu mume wangu. Miaka ile ya uhaba bati likiibwa hulipati tena, kwa hiyo kila mtu alitoboa jina lake kwa msumari. Mabati gani ya nje yanamjua Reginald?"

"Umejua lini?"

"Ulipoyashusha kwenye lori."

"Na ukaniacha nikaezeka!"

"Ningekuzuiaje, na unafanya kazi safi hivyo? Mimi mabati mapya ya nini? Nilitaka mtu wa kukwangua kutu, na kila fundi aliyekuja alitaka hela." Akashuka kinuni. "Tulipatana bei ya mabati mapya. Siku ukiyaleta nitakulipa. Kama una ubishi, twende kwa balozi wa nyumba kumi ukaeleze."

Anselmo akaketi barazani; kwa balozi tapeli angekuwa yeye. Mama Mabel, kwa ukarimu usio wa kawaida yake, akamletea kikombe cha maji.

"Na asante kwa jina la mzee. Lilikuwa limeanza kufutika. Kaka yangu wa kule Chiwata naye ana nyumba ya wapangaji, paa limeoza. Nimwambie una mabati ya nje?"

Anselmo akaitazama barabara ndefu ya kuteremkia Masasi, kisha akaitazama miguu yake.

"Huyo kaka yako," akauliza, "ana baiskeli?"